Urafiki wa Simu za Masoro

Sikupanga kukaa Kigali. Nilikuwa natoka Bujumbura kwenda Kampala, nikashuka kunyoosha miguu, nikapata chumba Nyakabanda nyuma ya karakana ya fundi viti, na miezi ikapita. Shule niliiacha kidato cha pili. Hakukuwa na ubaya wowote, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara kuu na mimi nilikuwa nakaa karibu na dirisha. Tangu hapo nimeuza vifuniko vya simu Goma, nimepakia ndizi Kagera, nimekuwa mkalimani wa mfanyabiashara wa ngozi ambaye hakuhitaji mkalimani, alihitaji mtu wa kula naye. Kila nilikopita niliokota Kiswahili cha pale, na hicho ndicho kilichonipa kazi ya utafiti.

Aliyeniajiri alikuwa dada wa Kinyarwanda aliyekulia Tanzania, anayesomea shahada ya uzamivu katika chuo cha nje. Alikuwa anachunguza jamii kwa kompyuta. Nilimuuliza ni kitu gani hicho.

“Badala ya kumuuliza mtu anaishije,” akasema, “unafuata nyayo anazoacha kwenye simu yake.”

“Kama mpelelezi.”

“Kama mpelelezi mwenye kibali cha kamati ya maadili.”

Nikaona hapa tutaelewana. Nikawa namwita daktari, naye ananijibu, “Bado, kaka, usinitie nuksi.”

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Masoro kuna viwanda, na katika kiwanda kimoja cha nguo kulikuwa na mafundi cherehani waliokulia sehemu mbalimbali: wengine Burundi, wengine Uganda, wengine Tanzania, wengine hawajawahi kuvuka mpaka. Yeye alitaka kujua kama watu hawa wanachanganyika, au kila mmoja anakaa na wa kwao. Basi waliokubali waliwekewa programu kwenye simu. Simu mbili zikikaribiana, programu inaandika kimyakimya kwamba fulani na fulani wako pamoja. Haisikilizi maneno, haisomi ujumbe. Inajua ukaribu tu.

Kazi yangu ilikuwa kupita Jumapili, watu wakishatoka misani, kwenye vyumba vyao vya kupanga, kueleza jambo hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka. Yeye mwenyewe aliwahi kujaribu. Mama mmoja wa Bujumbura akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa, kisha akanigeukia mimi. “Huyu dada anasema vizuri sana, kama redio. Sasa wewe niambie anataka nini.”

“Anataka ukae na simu yako kama kawaida, mama. Usibadilishe kitu.”

“Kama kawaida?”

“Kama kawaida yako.”

“Hiyo iko rahisi,” akasema mama, na akabonyeza kukubali.

Baada ya miezi kadhaa kompyuta ikatoa mchoro. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye mashine. Kila mtu alikuwa nukta, kila ukaribu ulikuwa mstari, na mistari ilisongamana kama ukili uliosukwa na mtu mwenye subira. Kompyuta iliigawa mistari ile kwenye makundi matatu, ikayapa rangi: jekundu, buluu na kijani. Ndani ya kila kundi walikuwamo wa Burundi, wa Uganda, wa Tanzania na wa hapahapa, wamechanganyika barabara. Daktari wangu alikaa akiutazama mchoro huku chai ikipoa. Kisha akaandika sura ya tatu ya tasnifu yake, akieleza kwamba watu wakifanya kazi pamoja, mipaka ya walikokulia inayeyuka.

Profesa wake, mzee mpole anayeonekana kwenye kioo cha kompyuta akiwa na rafu za vitabu nyuma yake, aliupenda mchoro kuliko sisi. Alitaka uonyeshwe kwenye mkutano mkubwa uliokuwa unakuja kufanyika Kimihurura, hapahapa Kigali. Huko wangekuwapo watu wa mfuko unaomsomesha, na baada ya kumsikiliza wangeamua kama wataongeza miaka miwili ya kumalizia shahada, au arudi nyumbani na alichonacho. Kwa hiyo mchoro ule ulikuwa tiketi yake, naye alijua. Alinunua hata viatu.

Wiki ya mkutano profesa akaomba picha ya kiwanda, ili wasikilizaji waone watu na si nukta tu. Tukaenda Masoro kuomba ruhusa ya kupiga picha nje. Humo ndani hatukuwahi kuingia. Kibali chetu kilikuwa cha majumbani, na kamati ya maadili haina mzaha.

Langoni alikuwapo mlinzi mwenye koti lililopigwa pasi mpaka mikononi. Akanyoosha kiganja. “Simu.”

“Tunaenda ofisini tu, kaka,” nikasema.

“Hata ofisini. Hakuna simu inapita hapa. Hata ya bosi inabaki, ila ya bosi naweka kwa droo.”

Daktari akatoa yake. Mlinzi akaigeuzageuza kwenye mwanga kama anayenunua nyanya. Nyuma yake, juu ya meza ndefu, kulikuwa na maboksi matatu ya uzi, yamejaa simu mpaka juu.

“Hii yako iko nzima,” akasema. “Inalia sana?”

“Kulia vipi?”

“Mlio. Iko na kelele?”

“Nimeizima sauti.”

“Vizuri. Basi inaenda hapa, na zenye adabu.” Akaiweka kwenye boksi la kati. Kisha akachukua yangu, akaona ufa kwenye kioo, akatikisa kichwa. “Wewe unaenda kwa waliopasuka. Zilizopasuka naweka peke yake, mtu asikuje jioni kusema ni mimi nimepasua. Zenye kelele naweka kwa ile boksi ya mwisho, kule dirishani, mbali na sikio langu.”

Daktari hakusogea. “Hizi zote ni za wafanyakazi?”

“Yego, zote.”

“Zinakaa hapa mpaka saa ngapi?”

“Mpaka kutoka. Asubuhi wanaacha, jioni wanabeba.”

“Kila siku?”

“Dada, mimi sijafungua kiwanda jana.”

Daktari akayatazama maboksi, moja, la pili, la tatu, na mimi nikayatazama pamoja naye. Sijui nani aliona kwanza. Ninachojua ni kwamba nilicheka, halafu nikaona uso wake nikaacha. Rangi nyekundu, buluu na kijani zilikuwa pale mezani. Mafundi cherehani walikuwa ndani, kila mmoja na mashine yake, na nje simu zao zilikuwa zimelaliana kutwa nzima, zikijenga urafiki usiojali aliyekulia Burundi wala Uganda. Mlinzi naye alikuwa akishughulikia hofu zake tu. Hakuwa na habari kwamba alikuwa akigawa jamii.

“Sura ya tatu,” daktari akasema polepole, “inahusu vioo vilivyopasuka.”

“Mwihangane,” mlinzi akatupa pole, maana aliona kuna msiba ingawa hakujua wa nani.

Hatukupiga picha. Tulipotoka tulimsubiri yule mama wa Bujumbura atoke kazini. Nikamuuliza mbona hawakutuambia simu zinabaki langoni.

“Mlisema kama kawaida,” akajibu. “Kawaida yetu ndiyo hiyo. Mungesema kingine tungefanya kingine.” Kisha akauliza kama tumekula.

Usiku daktari akamweleza profesa kwenye kompyuta, na mimi nikiwa pembeni namenya karanga. Nilitegemea mzee atapandisha sauti. Hakupandisha. Alifikiri, akapangusa miwani, akasema kwamba kila data ina kasoro zake, na kwamba mwishoni mwa kila makala ya utafiti kuna sehemu ya mapungufu. Aweke sentensi moja pale. Mchoro ubaki.

Alipoaga, nikauliza hiyo sehemu ya mapungufu ikoje.

“Ni mahali unaposema ukweli wakati wasomaji wameshaondoka.”

“Basi si ni nzuri? Umesema, na hakuna aliyesikia.”

“Kaka, wewe uko upande gani?”

“Wa miaka miwili,” nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa nimeona viatu.

Daktari akasogeza kiti. Akaiamuru kompyuta ifute saa zote za kazi, ibakize asubuhi, jioni na Jumapili. Ule ukili ukafumuka mbele ya macho yetu. Zilibaki nukta nyingi zinazoelea moja moja na mistari ya kuhesabika. Watu wawili wanaotembea pamoja alfajiri. Kikundi cha kwaya. Majirani wa kibaraza kimoja. Wa Burundi walikuwa zaidi na wa Burundi, ingawa si wote. Hakukuwa na kitu cha kuandikia sura. Ulikuwa mchoro mnyonge, wa kuutazama mara moja na kuupita. Yeye aliutazama kwa muda mrefu.

Ukumbi wa Kimihurura ulikuwa na zulia linalomeza nyayo na hewa ya baridi iliyonifanya nitamani koti la mlinzi. Mimi niliingia kwa kitambulisho cha shingoni kilichoandikwa “msaidizi”, nikakaa nyuma karibu na sambusa. Waliotangulia walionyesha michoro mikubwa mikubwa. Zamu yake ilipofika akauonyesha ule wetu mzuri, na ukumbi ukanong'ona kwa kuridhika. Profesa, ambaye safari hii alikuwa na miguu, akatabasamu.

“Mnachokiona hapa,” daktari akasema, “ni urafiki wa simu.” Akaeleza meza, maboksi, zilizopasuka, zenye kelele na zenye adabu. Watu wakacheka, wengine mpaka wakafuta machozi. Profesa alishusha macho kwenye karatasi zake akawa anazipanga, ingawa zilikuwa zimepangwa. Kisha daktari akauweka mchoro mnyonge. “Na huu ni wa watu. Nilionao ni wachache, na bado sijawaelewa.” Akashukuru, akakaa.

Bwana mmoja mwenye tai akauliza, “Na kundi la waliopasuka, tabia zao zilikuwaje?” Ukumbi ukacheka tena. Wale wa mfuko, mstari wa mbele, waliandika kitu bila kucheka.

Jibu lao lilikuja baada ya siku chache. Miaka miwili hawakumpa. Walimpa miezi sita, wakisema mbinu ya simu haifai kuendelezwa, na kwamba wanatambua uwazi wake. Profesa akatuma ujumbe mfupi kwamba kwenye makala kubwa ya kikundi chake cha watafiti sehemu ya Kigali haitakuwamo. Daktari akanisomea vyote viwili kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma bei za nauli.

“Miezi sita inatosha nini?” nikauliza.

“Kuwauliza. Mmoja mmoja, kwa mdomo.”

“Si ulisema unafuata nyayo badala ya kuuliza?”

“Nilisema. Jumapili saa nne uwe Masoro.”

Tukaanza na mama wa Bujumbura. Swali la daktari lilikuwa fupi, na mimi nikalifupisha zaidi: ukipatwa na shida, unaenda kwa nani kwanza? Mama akasema ngoja maharage yaive. Yalipoiva akasema tule kwanza. Tulipokwisha kula akaanza na jirani mmoja wa Uganda, akaeleza ugomvi wao wa ndoo, ulianzaje na nani aliusuluhisha, kisha akasema hapana, si huyo. Akamtaja mwingine, wa kwaya. Akaeleza na huyo. Daktari akatazama saa, akakumbuka miezi yake, nikamwona anaanza kufungua mdomo. Akaufunga. Akaivua saa akaitia mfukoni.

“Endelea, mama,” akasema.

Jioni tuliondoka tukiwa na jibu la mtu mmoja. Tulipofika barabarani mama akatuita kutoka mlangoni, anataka kulibadilisha.