Kioo Kifunikwe

Juzi nilipanda Kuresoi kumwona nyanya, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai, mbingu ikanguruma upande wa msitu. Nyanya hakuinua hata kichwa. "Funika kioo," akasema, kama alivyosema maisha yake yote. Nikashika leso, nikakielekea kile kioo kidogo cha ukutani, na hapo, rafiki yangu, nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, ndani ya chumba hicho hicho, nikilinda mashine ambayo haikupaswa kuzimwa.

Labda hata kwenu sheria ilikuwa hiyo. Radi ikikaribia redio inazimwa, vioo vinafunikwa, hakuna kusimama mlangoni, hakuna kuvaa nyekundu. Kwetu haukuwa mchezo. Jirani alipoteza ng'ombe chini ya mkaratusi, na redio ya mwalimu wetu iliungua ikaacha harufu ya plastiki nyumbani kwake msimu mzima.

Mashine ilikuwa ya mjomba, kitinda mimba wa nyanya. Aliipata Nakuru ikiwa tayari nzee, akaipandisha hadi kwetu juu ya lori la viazi, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Tangu siku hiyo chumba chake kilinukia viazi vya mbegu vilivyokaa chini ya kitanda, udongo mbichi, na vumbi lililopata moto ndani ya sanduku la kompyuta. Mjomba alikuwa na maoni makali kuhusu kompyuta, kama wanaume wengine walivyokuwa nayo kuhusu siasa. Alisema programu inayohitaji mashine kubwa imeandikwa na mtu asiyejua kufuta. Alisema mashine mpya zitakuja zimefungwa kila upande na hakuna atakayejua kilichomo. Yake aliipenda kwa sababu aliisikia ikifanya kazi. "Sikiza," angeniambia, akinisogeza hadi sikio liguse sanduku. Ndani, diski ilizunguka na kukwaruza, krr, krr, kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. "Hapo inafikiri."

Vijana wa sokoni walimcheka. "Boss, hiyo TV yako mbona haionyeshi mpira?"

Kwa miezi mingi alikuwa akiandika programu ya kupanga ratiba za shule, ili mwalimu mmoja asijikute anatakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Jumatatu angeionyesha katika ofisi moja ya Nakuru iliyotafuta mtu wa kuandika programu. Hakukuwa na siku nyingine. Walimwambia hivyo wazi. Jumamosi asubuhi akawasha mashine na diski ikakataa kuzunguka. Tik, ikanyamaza. Akazima, akawasha. Tik. Alipoligonga sanduku ubavuni ndipo ikazunguka, ikilalamika, na nikaona jasho limemtoka katika baridi ile ya kwetu. Diski ilikuwa imezeeka, baridi inaigandisha; ikisimama tena, huenda isiamke. Na kazi yote ilikuwa humo tu. Disketi alizokuwa nazo za kuihifadhi zilikuwa zimeota ukungu.

"Nashuka Molo kutafuta disketi," akaniambia. "Usiguse kitu. Usizime, hata nani akisema."

Akapita kwa jirani mwenye poshomili. Tulitumia laini moja ya stima, umeme wetu na wake ukiwa mmoja, na mtambo wake ulipoanza kusaga, picha kwenye skrini yetu ilisinyaa kama inavutwa kutoka ndani. "Mzee, tafadhali, usisage mpaka nirudi."

"Na watu wale nini leo, hiyo TV?" Lakini akakubali.

Nilikaa kwenye kigoda. Jikoni nyanya alikuwa akimenya viazi. Nilisikia kisu, na kila ganda lilivyoanguka kwenye beseni. Mchana ukaingia giza mapema. Upepo ukainua pembe ya bati, ukaiachilia. Kisha radi ya kwanza, mbali bado, na kisu kikanyamaza.

Nyanya akaingia akijipangusa mikono. Alikwenda moja kwa moja kwenye plagi.

"Anko alisema isizimwe," nikasema.

"Anko wako hayuko hapa. Radi iko hapa."

"Shosho, ikizimwa haitaamka. Kazi yake yote iko ndani."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye waya. Umeme ukamulika dirisha, chumba kizima kikawa cheupe, nami nikahesabu moyoni kama tulivyofundishwa. Haukupita muda mrefu, radi ikanguruma.

"Haitaamka kama mtu?"

"Kama mtu."

Akaitazama ile mashine, nadhani kwa mara ya kwanza tangu iletwe. Akaweka kiganja juu ya sanduku. "Inavuma kama mzinga," akasema taratibu. Kisha akaiachilia plagi, akavua leso mabegani. "Hiki nacho ni kioo au si kioo?"

"Ni kioo, shosho."

"Basi kifunikwe."

Akaitandika leso juu ya skrini, akaingiza ncha zake vizuri kama anayemfunika mtoto. Mimi akanisukuma hadi kona ya mbali, nyuma ya magunia. Yeye akakaa palepale kando ya waya, akiomba kwa midomo tu. Nilitaka kumwita aje. Mvua ikashuka juu ya mabati, na chini yake, ukitega sikio, bado ulisikia ule mvumo.

Radi iliyofuata sikuisikia kama sauti. Niliihisi kwenye meno. Taa ikazima. Mvumo ukashuka, ukashuka, kama mtu anayepumua mara ya mwisho, ukaisha.

Mjomba alirudi amelowa hadi mifupani, disketi zimefungwa katika karatasi ya unga ndani ya shati. Aliiona leso, akamwona mama yake. Alikaa kitandani akatazama miguu yake. "Baridi itaishika diski, haitazunguka tena," akasema.

"Toa hicho kinachozunguka," nyanya akasema.

"Mama, wacha."

"Kitoe. Si umesema ni baridi inakishika? Vifaranga walioanguliwa wakati wa mvua ya Juni niliwafufua na nini?"

Mjomba akakifungua, akakitoa. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Nyanya akakizungushia leso, akakiweka kifuani ndani ya sweta, akaenda kuketi karibu na jiko. Alipika nacho, alikula nacho, alilala nacho.

Stima ilirudi asubuhi, wakati wa chai. Mjomba akakirudisha kikiwa bado na joto la nyanya. Akawasha. Tik. Akaligonga sanduku ubavuni. Tik. Kisha mguno mrefu, na krr, krr. Papo hapo sauti ya jirani ikavuka ua: "Nisage sasa?"

"Bado!" tukapiga kelele sote watatu, na ya nyanya ndiyo iliyozidi.

Mjomba akainakili kazi yake kwenye disketi, moja baada ya nyingine. Jumatatu ile ofisi ya Nakuru ilimchukua kazini. Diski ile haikuzunguka tena.

Mjomba bado anaandika programu huko Nakuru, nami nilimfuata katika kazi hiyo. Disketi anazo; mashine ya kuzisoma hana. Kazi yangu mimi haimo hata ndani ya laptopu yangu. Iko kwenye kompyuta za watu nisiowajua, mahali tunapopaita wingu. Nilipomweleza nyanya alicheka hadi akakohoa: "Sisi tunakimbia wingu, wewe unaweka kazi huko?" Hakuna kitu changu anachoweza kukipasha joto kifuani.

Juzi, nilipomaliza kufunika kioo cha ukutani, aliona laptopu yangu iko wazi mezani. Akaniashiria niifunike nayo pia. Nikatandika leso. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu yake, akasubiri, mvua ikianza kugonga mabati.

"Mbona haivumi?" akauliza. "Imekufa?"

"Iko hai, shosho. Siku hizi zinanyamaza."

Hakuniamini. Aliacha mkono wake pale mpaka radi ikapita.