Karibu ya Arusha

Siku mama yangu alikula chakula cha mtu mwingine, nilikuwa nimesimama kando ya barabara huko Arusha, mdomo wazi kama mjinga. Nikitaka ushtuke vile nilishtuka mimi, lazima kwanza nikueleze tulikotoka.

Baba alikufa mwaka ule wa mvua ya El Niño. Siku hiyo tulikuwa tumeenda Kajiado mjini kwa mdogo wake, ambaye alikuwa amechinja mbuzi kuingia nyumba mpya. Walikuwa wamekosana muda mrefu kwa sababu ya ploti yetu ya kujenga hapo Noonkopir, Kitengela, na huyo mbuzi alikuwa wa kupatana pia. Tukala, tukaimba, tukaombewa, tukarudi Kitengela. Kabla hakujakucha baba akaanguka, na hakuamka tena. Daktari alisema ni presha. Mama akamwangalia daktari kutoka juu mpaka chini, akasema, "Ndiyo. Presha ya mbuzi."

Tangu hapo hakutia mdomoni kitu ambacho hakupika mwenyewe. Si harusini, si matangani, si kanisani siku ya mavuno. Jirani yetu Mmaasai, ambaye walisalimiana "sopa" na "ipa" kila asubuhi, alikuwa akimletea maziwa. Mama alishukuru vizuri kabisa, kisha akaenda kuyamwaga nyuma ya choo. Hata chapati zangu hakula. Alisema zinamfunga tumbo, na mimi niliamini, kwa sababu chapati zangu siku hizo, tuseme tu ukweli, zingeweza kuziba pancha.

Mambo yaliharibika nilipopata mchumba. Watu wake walikuwa Wakikuyu wa Kiserian, wafanyabiashara, watu wa kujiheshimu. Walipotualika mara ya kwanza walipika mpaka meza ikakosa nafasi. Mama akafunika sahani yake na kiganja. "Nimeshiba," akasema, na ilikuwa wazi kwamba hata chai hajanywa. Mama mkwe aliweka mwiko chini, akaniuliza mimi, hata si yeye: "Kwani sisi ni wachawi?"

Mchumba wangu aliniambia bila kuzunguka. Wazee wamekubali tuje mara moja tu tena. Mama asipokula, hakuna harusi. Nami sikuwalaumu, kwa maana utaunganaje na watu ambao hawawezi kula kwako?

Nilimbembeleza mama, nikamlilia, nikamkasirikia, nikamnunia wiki nzima. Wapi! Mwisho nikafikiri, nikimtoa mbali kabisa, nje ya Kenya, mahali hakuna mtu wa ukoo wala wa kanisa, labda atajisahau aonje kitu. Akionja huko, ataonja Kiserian. Na alikuwa ametamani siku nyingi kuona kile kiko ng'ambo ya Namanga. Kwa hivyo Jumamosi moja tukapanda basi hapo Kitengela, tukagongewa mihuri mpakani, na kabla ya saa sita tulikuwa Arusha. Mama alikuwa amebeba mkebe wa muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, aliopika mwenyewe. Nilipouona kwenye mkoba wake nilitaka kuurusha dirishani.

Mji aliupenda, hilo sikatai. Alisimama akautazama mlima Meru, akasema Mungu hakubagua. Msichana wa kuuza kadi za simu akamwambia, "Shikamoo mama." Mama akageuka nyuma kuona ni nani anaamkiwa.

"Ni wewe," nikamnong'oneza. "Sema marahaba."

"Marahaba!" akajibu kwa sauti ya kwaya. Baada ya hapo akawa anapunguza mwendo kila akiona vijana, ili aamkiwe tena.

Lakini chakula? Niliagiza ndizi nyama mahali pasafi, moshi unapanda, harufu inaita hata wafu. Nikamsogezea sahani. Akasema bado hana njaa, mkebe ukiwa mapajani kama mtoto. Nikamnunulia mishkaki barabarani. Akasema ni mizuri kuangalia. Nikamnunulia chipsi zilizokaangwa ndani ya mayai. Akauliza ni nani alivunja hayo mayai. Aki nilikaribia kulia. Nilikula vyote mimi, kwa hasira, tumbo likawa ngoma, na harusi yangu nikaiona inaenda hivi hivi.

Tulikuwa tunapita nyuma ya soko. Wanawake wawili wauza vitenge walikuwa wamekaa kwenye mkeka mlangoni mwa duka lao, wanakula ugali na samaki kwenye sinia moja. Mmoja akatuona.

"Shikamoo mama. Karibuni chakula."

Mimi nilikuwa nafanya kazi Athi River na binti wa Moshi, kwa hivyo hiyo nilijua. Huko kwao mtu akiwa anakula lazima amkaribishe anayepita. Ni adabu tu, kama kumwambia mtu aliyejikwaa pole. Unajibu asante, unaendelea na safari yako. Hakuna mtu anatarajia ukae.

"Asanteni," nikajibu, nikapita. Nilipogeuka, mama hayuko. Alikuwa anavua viatu.

Nilisema woi, hakuna lingine lililotoka. Wale wanawake walitazamana. Mmoja alicheka mpaka akajifunika uso na khanga. Mwingine akasogea, akachukua jagi, akammiminia mama maji ya kunawa. "Karibu mama yangu, jisikie nyumbani." Na mama yangu, ambaye alimwaga maziwa ya jirani yake mwenyewe, akamega tonge, akachovya, akala. Sidanganyi. Hakuonja, alikula. Alichukua kichwa cha samaki akakifyonza, akauliza kama kuna pilipili. Nilikuwa nataka kupiga kelele, kucheka, kumkumbatia na kumzaba kofi, yote kwa pamoja.

Alipomaliza akawaombea baraka, akavaa viatu, tukaondoka. Tulienda kukaa karibu na mnara wa saa, ambao tulikuwa tumetoka nyumbani tukisema lazima tuuone, na hakuna aliyeutazama.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo Wakamba tunaita mama. "Umenimaliza. Kwani leo kumeendaje?"

"Wale hawanijui," akasema, kama jambo la kawaida. "Jina hawajui, ploti hawajui. Wataniua wapate nini? Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikwama.

"Na mimi? Chapati zangu zinakufungaga tumbo, ama?"

Akapangusa kidole na leso, polepole, kile kile tu.

"Wewe ndiye ulimletea baba yako sahani."

Ilikuwa kweli. Nyumbani kwa baba mdogo shangazi alikuwa amenipa ile sahani jikoni, nikaipeleka sebuleni kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo.

"Sijasema ulijua," akaongeza haraka. "Sijawahi kusema. Lakini mkono ulikuwa wako. Ukininyooshea chakula, koo linajifunga lenyewe."

Miaka yote hiyo! Nilisimama nikapiga kelele katikati ya mji wa watu, na watu wakageuka. "Mwaitu, ile sahani nilimaliza mimi!"

Kwa sababu baba alikuwa na desturi yake. Hakuwahi kumaliza nyama. Lazima angemwachia mmoja wetu, na siku hiyo alinikonyeza mimi. Nilienda nayo nyuma ya nyumba nikala nyama yote iliyobaki, mchuzi nikaupangusa na ugali, mfupa nikauvunja.

"Ulimaliza?" mama akauliza.

"Nililamba."

"Na tumbo?"

"Halikuuma hata kidogo."

"Na hukuniambia."

"Uliniuliza?"

Baadaye Kiserian alienda akala, akaongezwa akala tena, nikaolewa. Nisikuweke roho juu kwa hilo. Lakini hapo kwenye mnara nilimwona akiyapanga mambo upya kichwani. Alimtoa baba mdogo, akamtoa shangazi, akanitoa mimi. Alipofika mwisho hakukuwa na mtu amebaki wa kulaumu.

"Kwa hivyo alikufa tu," akasema.

Nikarudi kukaa kando yake.

"Alikufa tu," akarudia. Na mama yangu, ambaye siku ya mazishi alisimama wima akiwakodolea macho ndugu za mumewe bila kutoa chozi, akashika kichwa na mikono miwili, akaanza kumlilia baba.