Mchora Njia Mezani kwa Madamu Chastagnol

Mchora njia za baiskeli hatulii hata akiwa amekaa. Kazi yake ni kuwatafutia watu wa mjini njia za changarawe zisizopitiwa na magari, na akiona lami mbele ya gurudumu lake hukunja uso kama aliyetafuna limau. Vidole vyake hubana breki hata mezani, kwenye mpini wa kijiko, na sentensi yake ya pili huanza kabla ya ya kwanza kufika. Mwaka huu njia yake imebakiza kipande kimoja tu cha lami, chenye malori ya magogo, na pa kukikwepea ni malisho ya Madamu Chastagnol, mfugaji wa ng'ombe.

Kwa Madamu, ombi husubiri mpaka jibini ya kufungia mlo ije mezani. Mchora njia akalitoa wakati wa supu. “Madamu, hayo malisho yako…” “Kula, mwanangu. Supu haina injini.” Jibini ilipokuja, Madamu akamwambia, “Haya, sema.” Akasema yote kwa pumzi moja: baiskeli tu, watu wa adabu, lango watalifunga kila wakipita. “Kama ulivyolifunga wewe ulipoingia?” Akajaribu kukumbuka mkono wake ukigusa komeo, asikumbuke. Dirishani ng'ombe mmoja akapita akielekea kwenye lami, wenzake nyuma yake, bila haraka, kama wageni wa harusi. Madamu wala hakugeuka. Akakata jibini pande kubwa, akalibana ndani ya mkate, akamshikisha. “Utakula ukikimbia. Habari ya njia tutaongea wakisharudi wote.”