Mantiki na Eda ya Wifi

Kaka yangu aliondoka Mlola zile siku biashara huria iliporuhusiwa, vijana wakawa wanashuka mlimani kila mmoja na lake. Wengine walipeleka kabichi Dar es Salaam. Yeye alikwenda bara kuchimba vito. Haukupita muda, tukaletewa habari kwamba shimo limeporomoka naye akiwa ndani. Maiti haikupatikana. Tukaswali swala ya ghaibu, khitma ikasomwa, mkewe akakaa eda mpaka ikaisha. Mimi nikarudi chuoni, nilikokuwa nasomea falsafa.

Muhula ule mhadhiri alitufundisha jinsi mantiki inavyoeleza kubadili imani. Alisema tuyachukue yote anayoyaamini mtu kuwa mkusanyiko wa kauli, pamoja na kila linalofuata kutokana nazo. Ikija habari inayogongana nazo, sharti kitu kitoke, na kanuni ni kutoa kidogo iwezekanavyo. Kipi kitoke, mantiki haisemi. Hilo hutegemea ni imani ipi ungeiachia kwanza na ipi mwisho. Kisha ikaja kanuni iliyonipendeza kuliko zote: ukiondoa imani, halafu ukairudisha, yote uliyokuwa nayo mwanzo hurudi.

Likizo nilimkuta wifi ameposwa na fundi cherehani wa mjini Lushoto. Wifi alikuwa yatima, kwa hiyo posa ililetwa kwetu na mama akaipokea. Wiki ileile jirani yetu, aliyekuwa akipeleka mboga Dar, alikuja akakaa barazani bila kugusa chai. Alisema amemwona kaka Kariakoo, ng'ambo ya barabara, akiuza mitumba. Alimwita, lakini akapotea katikati ya watu.

Kesho yake nikiwa namenya viazi na mama, nilimweleza kwamba mambo matatu hayawezi kukaa pamoja: kwamba kaka amekufa, kwamba jirani ni mkweli, na kwamba macho yake hayakumdanganya.

"Sasa hiyo elimu yenu inasema tuachie lipi?"

"Haisemi, mama. Inategemea lipi unaliamini zaidi."

"Nayaamini yote, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza."

Kama kaka yu hai, basi eda haikuwa eda wala posa haikuwa posa. Wifi akamrudishia fundi kanga alizoletewa. Mama akaanza kusema "akirudi". Mimi nilizunguka shambani nikijaribu kupanga imani zangu kwa uzito, na kila nilipomaliza nilizikuta zimebadilishana nafasi.

Jirani akashuka tena Dar. Safari hii alimfikia yule muuza mitumba, akasalimiana naye. Alikuwa mtu wa Singida, hata Kishambaa hakijui. Jirani alikuja kuomba radhi huku ameinamisha kichwa.

Kwa kanuni ya mhadhiri, yote yalipaswa kurudi. Kifo kilirudi, lakini nusunusu: leo mama atasema "marehemu", kesho "akirudi". Fundi alikuwa ameshaposa kwingine. Wifi alinifuata kisimani.

"Mimi sasa ni mjane, au mke wa mtu?"

Nikamwambia ni mjane.

"Tangu lini? Tangu lile shimo, au tangu jana?"

Akajitwika ndoo yake. Jioni ile akaingia eda mara ya pili, ingawa sheikh alimwambia haimlazimu.

Chuoni nilimsimulia mhadhiri. Akasema hata wanamantiki wenyewe wanabishania kanuni ile, na wapo walioitupa. Nilidhani ningefarijika. Badala yake nilijiuliza, wakiitupa hiyo, wanatupa na nini kingine?

Baadaye wifi aliolewa na mkulima wa Zirai, akapata watoto. Siku ya harusi mama alimsindikiza hadi barabarani, akamwombea dua ndefu kwa Kishambaa. Humo alimtaja mwanawe, lakini sikuweza kujua kama alikuwa akimwombea aliye hai au aliyekufa, nami sikumuuliza.