Aya ya Madam

Mimi subira sina. Mama yangu husema nilizaliwa nimevaa viatu tayari, na mpaka leo sijui kama anatania. Ukurasa ukichelewa kufunguka kwenye simu, naubonyeza mara tano. Mtu kama mimi hafai kuandika kazi moja na wenzake, lakini ndivyo ilivyokuja. Nilikuwa nasomea shahada ya ualimu wa Kiswahili kwa mtandao, jioni baada ya kufundisha hapa Eldoret, na kozi ya mwisho ikawa ya kazi ya kikundi tupu.

Tulikuwa walimu wanne: vijana wawili wa shule za mjini, mimi wa sekondari ninayekaa Kapsoya, na Madam. Madam alifundisha shule ya msingi upande wa Burnt Forest na alikuwa amebakisha muda mfupi tu astaafu. Siku ya kwanza alituambia bila haya, "Watoto niliowafunza kusoma wamenipita wote. Wananiita Madam na wao wana digrii! Mwaka huu lazima nivae joho."

Kazi yenyewe ilikuwa waraka mmoja wa mtandaoni ambao sisi sote tungeufungua na kuuandika, kuhusu jinsi wanafunzi wanavyofunzana kwa vifaa vya kidijitali. Mhadhiri alitupa pia maandishi huria, yale ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyachukua, kuyabadilisha na kuyagawa. Kila mtu akaandika sehemu yake. Kisha mhadhiri akasema tusahihishane.

Wacha wewe! Nani angemsahihisha Madam? Badala yake tukawa tunaandika humo humo ndani ya kazi, chini ya kila sehemu: "Kazi safi Madam, barikiwa." "Amina, nanyi pia." Kijana mmoja akaongeza aya ya Biblia. Mhadhiri alipopita akaacha maneno pembeni: "Hii ni kazi ya shahada ama ni ibada? Sahihishaneni."

Baraka zile tukazifuta, na mimi nikaona hiyo ndiyo ruhusa. Saa ya chakula cha mchana, pale ofisi ya walimu, nikiwa na githeri inayopoa mbele yangu, nilifungua sehemu ya Madam. Ilianza, "Darasa langu lina tableti saba." Nikaona makosa mawili ya tahajia, nikaona hakuna fasili wala marejeleo, ni hadithi ya watoto tu. Sikumaliza kuisoma. Niliifuta yote, nikaweka aya nne za maana kutoka kwa yale maandishi huria, na jina lake nikaliacha juu. Dakika ishirini. Nilijiona mtu! Kwa kweli nilidhani namsaidia.

Kumbe mhadhiri hakuangalia majina tuliyoandika juu. Waraka wa namna ile unaweka kumbukumbu ya kila neno, nani aliliandika na nani alilitoa, na alama zilitolewa kwa maneno yaliyobaki mwisho. Madam hakuwa na hata moja. Alipata sufuri, akaambiwa arudie kozi. Joho la mwaka huu likawa limeenda.

Alinipigia simu Ijumaa hiyo. "Mwalimu, nisamehe. Nafikiri nilibonyeza vibaya, kazi yangu ikafutika. Nimewaharibia kikundi."

Nikasema, "Pole sana, Madam."

Basi. Hayo tu. Nilikuwa nimepata alama nzuri na niliogopa zisichukuliwe. Niseme ukweli, niliogopa aibu zaidi. Mtu mzima ananiomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nampa pole!

Siku nne sikutulia. Nilifagia nyumba ambayo ilikuwa imefagiliwa. Nilimfokea mtoto wa kidato cha pili kwa kuangusha kalamu. Nilikuwa naanza kumwandikia Madam ujumbe, nafuta, naanza tena. Jumanne nikashindwa kabisa, nikafungua kumbukumbu za ule waraka nione nilifanya nini hasa. Aya yake ilikuwa bado pale, imepigwa mstari mwekundu. Safari hii niliisoma mpaka mwisho.

"Darasa langu lina tableti saba. Watoto siwapangi kwa umri wala kwa akili. Nawapanga kwa nyumba. Mtoto wa boma hili anakaa na mtoto wa boma ambalo hawasalimiani tangu zile fujo za uchaguzi, na wote wawili wanashika tableti moja. Mmoja anasoma swali, mwingine ndiye anajibu, kwa hivyo lazima waongee. Kwanza wananyang'anyana. Halafu wanabishana. Wakianza kubishana mimi natoka nje kidogo, kwa sababu najua sasa wanasoma."

Tuliulizwa wanafunzi wanafunzana vipi, na katika sisi wanne yeye peke yake ndiye aliyejibu. Mimi nilijibu kwa maneno ya watu nisiowajua, nikayapanga vizuri. Nimefundisha miaka yote hiyo na sijawahi kutoka nje ya darasa langu hata dakika moja kuwaacha wabishane.

Nikamwandikia mhadhiri kila kitu, sikujitetea. Alijibu siku hiyo hiyo: aya irudishwe, Madam apewe alama zake, mimi nirudie kozi. Sawa kabisa. Nikampigia Madam kabla moyo haujabadilika.

"Madam, hukubonyeza vibaya. Ni mimi niliyefuta kazi yako."

Akauliza polepole, "Kwa hivyo hakuna kitu niliharibu?"

"Hakuna."

"Na joho?"

"Utavaa. Mhadhiri amesharekebisha."

"Asante Mungu." Nilimsikia akivuta kiti na kukaa. "Lakini mwalimu, si ungeniambia tu siku ile nilikupigia? Jana nilienda kwa mkuu wa shule, nikamwambia hivi vitu vimenishinda, nitawaharibia watoto. Zile tableti amempatia mwalimu mwingine. Leo nimepita hapo dirishani. Amewapanga upya, kila mtoto amekaa na rafiki yake."