Fataki za Zablon

Ukitaka kumjua Zablon, anza na bajaji yake. Ina taa za kumetameta mbele na nyuma, nyuzi za rangi zinaning'inia kila pembe, na kioo cha mbele kimejaa stika: timu yake, mtakatifu wake, "Barikiwa", na jina la mkewe Lucia kwa herufi za dhahabu. Pa kuchungulia barabara pamebaki kama kisahani cha chai. Abiria wa Mpanda wanaigombania. Mimi huwa nasema, huyu angekabidhiwa kanisa angelifunga taa mpaka kwenye kengele.

Naitwa Getrude, mwenye kibanda cha gemu hapa Makanyagio. Zablon na Lucia walichumbiana kwenye benchi langu, na hata walipompata Agape wao hawakuliacha. Kila Jumapili baada ya misa mtoto anabaki kwa bibi, wao wanakuja kupigana na joka la kwenye gemu. Joka lenyewe lina uungwana wake: kabla ya kupiga huchora duara jekundu chini, pale pigo litakapotua. Ukiliona, unaruka. Usipoliona, kwisha habari yako.

Sasa mpiganaji wa Zablon naye alikuwa bajaji nyingine. Moto wa zambarau, radi, nyota, moshi wa dhahabu, vyote kwa mpigo! Skrini inafurika, duara linapotelea chini ya mapambo, Lucia anakufa. Kila mara Lucia, maana Zablon alirusha akiwa mbali, yeye yuko miguuni pa joka.

"Mama Agape, macho yako hayo!" anamwambia.

Jumapili moja Lucia aliweka pedi ya gemu chini. "Sikiliza, Baba Agape. Nikifa tena kwa fataki zako, mimi nacheza na Egide."

Egide ni fundi redio, mtu mkimya, na alikuwa amekaa palepale. Zablon alicheka, lakini nilimwona akimsogelea mkewe. Benchi lile kwake lilikuwa nusu ya ndoa.

Unadhani alifanya nini? Alimpeleka mkewe kupimwa macho! Nilikasirika niliposikia. Lucia alisoma herufi zote mpaka vile vidudu vya mstari wa mwisho, akapanda bajaji amenuna. Hawajafika mbali, akapiga kelele: "Ng'ombe!"

Zablon alikanyaga breki. Kundi zima lilikuwa linakatiza barabara, na ng'ombe wa mwisho akaipangusa taa kwa mkia.

"Nyie, mmelala?" mchungaji alifoka.

"Umewaonaje?" Zablon akamuuliza mkewe.

"Nimetoa kichwa nje. Siku zote natoa kichwa nje. Wewe hapo mbele unaona nini?"

Zablon alikitazama kioo chake. Lucia ananiambia aliendesha polepole mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata ilisimama bajaji mlangoni, kioo kitupu, nikadhani ni mteja mgeni. Kumbe Zablon. Lucia alishakaa benchini na Egide.

"Raundi moja tu, fundi," Zablon alimwomba Egide, na Egide akampisha.

Akachagua mkuki mtupu, hauna hata cheche.

"Zablon, umefulia?" watu wakamtania.

Joka likachora duara, na safari hii kibanda kizima tuliliona, jekundu kama pilipili. Lucia akaruka. Likachora jingine, akaruka. Lakini mkuki hauchomi kwa mbali. Zablon ilibidi asogee, na joka likamkanyaga.

"Baba Agape!"

"Niache mimi. Wewe si unaona? Piga!"

Lucia akalimaliza. Watu walipiga kelele za Lucia, Lucia, na hakuna aliyemtaja Zablon. Yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na mimi machozi yalinitoka, nisidanganye.

Nikawasindikiza nje. Zile herufi za dhahabu zilikuwa zimehamia nyuma ya bajaji. Lucia akapanda, wakaondoka, nami nikawatazama mpaka wakakata kona. Kichwa chake hakikutoka nje hata mara moja.