Ekseli Iliyolazwa Chali

Oili ya gia iliyoungua inanuka kama vitunguu saumu vilivyooza ndani ya soksi. Wenzangu wakikumbuka utoto wao wanataja kakao inayoanikwa juani, au wali wa mchele mpya unaotokota, na mimi hayo nayajua, Kyela nzima inanukia hivyo. Lakini nyumba yetu, pale pembeni mwa Bondeni, mwaka ule ilinuka oili ya gia tu. Ilikuwa kwenye ugali, kwenye shuka, kwenye nywele zangu. Nilikuwa darasa la sita na hakuna mtu aliyekubali kukaa na mimi dawati moja. Labda ningekuwa na akili ya kuibiwa majibu wangenivumilia, lakini hata hiyo sikuwa nayo. Baadaye nikaacha kabisa kwenda, na mwalimu hakuja kuniulizia. Nadhani alifungua madirisha akashukuru Mungu.

Harufu ilitoka kwenye lori la Baba. Baba alikuwa dereva wa ushirika, akibeba mpunga kutoka vijijini. Ikaja ile miaka ya soko huria, ushirika ukalegea, madereva wakaambiwa waende nyumbani, na Baba badala ya kiinua mgongo akapewa lori bovu. Lilivutwa kwa kamba mpaka uani kwetu, likalaza migomba ya Mama, likatulia. Mama akaliangalia akasema, "Wanaume wengine wanastaafu na redio." Lakini Baba alikuwa na mpango. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kuja kununua mpunga na magari yao, ila wakati wa mavuno kwetu mvua inakuwa haijakata, na barabara ya kwenda Ngana, kwenye mpunga wenyewe, siku zile ilikuwa uji. Gari ambalo lingefika Ngana kipindi hicho lingechagua mzigo wa kubeba. Lori letu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo Baba akaamua kulifungia ekseli ya mbele inayovuta, hapo hapo nyumbani, kwa mikono yake. Alisema litatambaa kwenye tope kama kaa. Hakukumbuka kwamba kaa huwa haendi mbele.

Vyuma vilikuwa kwa Bwana Shabani, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani. Mbele duka la nguo, nyuma chuma chakavu mpaka ukutani. Alikuwa na transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, iliyotoka kwenye lori la Kiingereza, na alikuwa na ekseli ya mbele ya gari la Kijapani. Hakutaka ahadi, alitaka kitu cha kushika. Na sisi kiangazi kile tulikuwa tumepokea ng'ombe. Dada yangu Tusekile alikuwa ameolewa Ngana, na wakwe walileta ng'ombe wazuri, wenye nundu, waliofanya majirani wapite kwetu bila haja yoyote. Ng'ombe wa mahari kwetu hawachezewi. Ndoa ikivunjika, hao ndio wanaorudi kwa wenyewe, wao au wenzao, na mwanamke anabaki huru. Baba akawaswaga mpaka kwa Bwana Shabani, akarudi na mkokoteni wa vyuma. Mama akauzunguka ule mkokoteni, akainama, akachungulia chini ya ekseli. "Huyu anakamuliwa wapi?" akauliza. Baba akacheka, akacheka peke yake.

Mvua zilipochanganya Tusekile akarudi. Alikuja kwa miguu kutoka Ngana, kanga imemganda mwilini, mkono wa kushoto ameubeba kwa mkono wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mumewe alikuwa ameupiga kwa mpini wa jembe, na haikuwa mara ya kwanza, ila ilikuwa mara ya kwanza kushindwa kuficha. Kabla hajaolewa tulilala kitanda kimoja. Alirudi upande wake ule ule wa ukutani, ila sasa alilala amekaa. Hakulia. Aliniambia tu, "Subi, mimi kule sirudi," kama mtu anayesema leo hali mboga.

Haukupita muda wazee wa ukweni wakaja. Walisalimia vizuri kabisa, "Ugonile" huku na "Ugonile" kule, wakala ndizi zilizopikwa na maziwa, wakasema "Ndaga," yaani asante, wakafuta midomo. Ndipo mkubwa wao akasema, "Ndugu yetu, sisi hatukuja kugombana. Mtoto wenu akitaka kukaa kwenu, akae. Tunaomba ng'ombe wetu." Baba akatazama uani. Wazee wote nao wakageuka kutazama uani. Pale palikuwa na ekseli imelazwa juu ya magunia, kuku amekaa juu yake.

"Wako wapi?" mzee akauliza.

"Wapo," Baba akasema, "ila wamebadilika kidogo."

Nilicheka, Mama akanifinya mpaka leo nikipaona napakumbuka. Wakakubaliana hivi: mpunga ukishavunwa, ama ng'ombe wawe wamerudi, ama Tusekile awe amerudi. Lori likifika Ngana kwenye mavuno, ng'ombe wangepatikana. Lisipofika, dada anarudi kwa mwenye mpini. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na kila mtu nyumbani alilijua, hata mimi niliyekuwa nashindwa kugawanya kwa tatu.

Basi tukaifanya ile kazi. Baba alianza kwa kuchimba shimo la kuingia chini ya lori, akasahau kwamba tunaishi Kyela. Kwetu ukichimba shimo umechimba kisima. Asubuhi vyura walikuwa wanaogelea mle na spana iko chini yao. Tukalinyanyua lori kwa jeki na magogo badala yake. Baba mdogo Gwakisa, aliyekuwa anachomelea mageti mjini, akaja kufanya kazi za kuchomelea, anaimba nyimbo za kwaya huku cheche zinamwingia kwenye viatu. Mimi na Tusekile tuliosha gia kwa mafuta ya taa kwenye beseni. Yeye alitumia mkono mmoja, na alikuwa anaziosha mpaka unajiona uso. Alijifunza majina yote: pinioni, kros, difu, propela. Jioni tukipanda kitandani alikuwa ananiuliza, "Kros zimebaki ngapi hazijafungwa?" Msichana mzuri wa miaka ile, mwenye mume, analala anawaza kros.

Shida ikaonekana siku ya kuunganisha. Transfa ya Kiingereza ilitoa nguvu upande wa kulia. Ekseli ya Kijapani ilikuwa na difu, lile tumbo lenye gia, upande wa kushoto. Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka transfa mpaka kwenye ekseli, ingekwenda mshazari na kugonga injini. Bwana Shabani aliitwa, akaja na kanzu yake nyeupe, akaipandisha mpaka magotini kwa ajili ya tope. "Mzee wangu, hivi vitu havikuzaliwa tumbo moja," akasema. "Mimi nilikuuzia chuma, sikukuuzia ndoa." Baba akakaa juu ya tairi akafikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasimama, akamwamuru Baba mdogo alale kifudifudi pale uani. Akamgusa mkono wa kushoto. "Uko upande gani?" Tukasema, huu hapa. "Haya, lala chali." Baba mdogo akajigeuza. "Sasa uko wapi?" Ulikuwa umehamia upande wa pili. Bwana Shabani akapiga makofi. Mama mwenyewe akatoka jikoni na mwiko kuja kuona. Ekseli ingegeuzwa, ilazwe chali, na difu lingehamia kulia kama mkono wa Baba mdogo.

Ikageuzwa. Baba mdogo akakata meza za springi, pale springi zinapokalia, akazichomelea upande uliokuwa tumboni. Mikono ya usukani wakaihamisha, wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. Propela ikaingia imenyooka kama rula. Baba akaizungusha kwa mkono, na magurudumu ya mbele, yakiwa hewani, yakazunguka. Tulipiga vigelegele. Tusekile alilishika tairi lile linalozunguka kwa mkono wake mzima, taratibu, kama anavyoshikwa ndama. Magurudumu yalizunguka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yanazunguka kwenda wapi.

Lori likashushwa wakati watu wameanza kukata mpunga. Wazee wa Ngana walialikwa waje waone ng'ombe wao wanavyotembea. Majirani walijaa, watoto juu ya uzio, Bwana Shabani kwenye kiti alichopewa. Injini ikawaka mara moja, maana injini haikuwa na kosa kamwe. Baba akaingiza gia, akavuta kijiti cha transfa, akaachia klachi. Magurudumu ya nyuma yakashika njia ya Ngana. Ya mbele yakarudi nyuma. Lori likasimama pale pale likitetemeka kama mtu mwenye malaria, nyuma linasukuma kwenda, mbele linasukuma kurudi, tope linaruka huku na huku mpaka kwenye kanzu ya Bwana Shabani, na lenyewe linazama. Baba akadhani nguvu haitoshi, akakanyaga mafuta. Ikasikika kama jiwe linapasuka. Transfa ilikuwa imegawanyika, na oili ikamwagika yote kwenye lile tope.

Watu walicheka. Mnisamehe, hata mimi nilicheka, hata wale wazee walishikana mabega. Ilikuwa inachekesha kweli. Ukilaza difu chali, linahamia kulia na mzunguko wake unageuka. Jambo hilo siku hizi fundi yeyote wa gereji atakwambia huku anatafuna muwa. Baba mdogo alikuwa bado anauliza, "Lakini mkono si ulihama?" Nilipogeuka kumtafuta Tusekile ili tucheke wote, sikumwona. Nikamkuta chumbani anafunga nguo zake kwenye kanga, fundo analivuta kwa meno kwa sababu ya ule mkono. Alikuwa ameelewa kabla ya mafundi.

Aliondoka na wale wazee. Hawakuwa watu wabaya; mmoja alimbebea mzigo. Baba alishuka kwenye lori, bado ana oili mpaka viwikoni, akasimama njiani. "Tuse," akasema, "mwakani nitapata transfa nyingine." Tusekile akapiga magoti kama desturi, akamwambia, "Ndaga, tata." Asante, baba. Nimetukanwa sana maishani, na wenye haki ya kunitukana, lakini sijasikia neno lililomvunja mtu kama lile. Baba hakupata transfa nyingine, wala hakutafuta. Aliacha kuongea habari za magari, halafu akaacha kuongea.

Sasa hivi nauza samaki wa kukaanga Bondeni. Kwenda Ngana napanda bodaboda, na samaki wangu wanafika bado moto. Tusekile bado yuko kule. Mumewe alishakufa, mkono wa kushoto wa dada haukunji vidole, na watoto wake ni watu wazima wanaomheshimu. Kila nikienda namwambia ahamie kwangu, ananijibu ana mpunga shambani. Mwaka juzi binti yangu aliachana na mumewe. Mume alimpiga kofi moja, binti akapiga simu, akaita bodaboda, akaniingilia mlangoni na begi wakati nageuza samaki. Nilimwambia akae, ale. Mahari ilikuwa imeletwa, ndiyo, na ilikuwa imeliwa, na hakuna aliyeitaja.

Nilimpelekea Tusekile habari hizo kama kichekesho, maana ndivyo ninavyopeleka habari zote. Alicheka nilipofika kwenye kofi na bodaboda. Kisha akaacha kupuliza moto.

"Na hakuna aliyekuja kudai?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, dada."

Alizisogeza kuni ndani ya mafiga, moja moja. Nilijaribu utani mwingine, nikajaribu na wa tatu, nilikuwa nao mwingi siku ile. Alinipakulia wali, akanisindikiza mpaka barabarani, akashika shavu langu kwa ule mkono usiokunja.